Kupima Joto la Sauti: Mhadhara juu ya Mashine za Tiba na Tishu za Bandia



Katika chumba cha tiba ya viungo cha hospitali nyingi ulimwenguni hukaa, juu ya meza ndogo yenye magurudumu, mashine isiyopiga kelele wala kutoa mwanga, ambayo waya wake huishia kwenye kichwa cha chuma kilicho bapa, na mtaalamu hukipaka kichwa hicho jeli na kukitembeza taratibu juu ya bega, goti au kiuno cha mgonjwa kwa muda wa dakika tano hata kumi. Na kwenye uso wa mashine huonekana tarakimu, tuseme wati moja na nusu kwa kila sentimita moja ya mraba, ambayo mtaalamu huiamini, na mgonjwa naye huiamini kwa kuwa mtaalamu ameiamini. Muradi wa mhadhara huu ni kuitazama imani hiyo kwa makini. Mimi nashika ya kwamba tarakimu ile ni ahadi ya kiwanda, iliyotolewa siku mashine ilipokuwa mpya, na kwamba ithibati ya ahadi hiyo haipatikani ila kwa kuielekeza mashine kwenye kitu kilichoundwa kifanane na mwili wa binadamu, kisha kutazama kitu hicho kimepata joto kiasi gani, mahali gani, na kwa muda gani.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walivumbua kwamba fuwele za namna fulani, kama vile kwarzi, zikibanwa hutoa umeme. Na haukupita muda mrefu kikathibitika kinyume chake, yaani fuwele hizo zikipewa umeme hutanuka na kusinyaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza mwanafizikia Paul Langevin aliitumia hali hiyo huko Toulon, bandari ya kusini mwa Ufaransa, ili kuzitafuta nyambizi kwa sauti iliyo juu mno kusikiwa na sikio la mtu, ndiyo iitwayo altrasaundi. Na katika majaribio hayo likadhihiri jambo ambalo hakulikusudia, kwamba samaki waliopita mbele ya mwale ule walikufa, na mkono uliotiwa ndani ya maji mbele yake ulipata maumivu makali. Mmarekani mmoja aliyefika Toulon na kuyaona hayo, R. W. Wood, alirudi kwao akiwa na fikira hiyo moyoni, na mwaka 1927 yeye pamoja na Alfred Loomis, tajiri aliyependa sayansi hata akajijengea maabara yake mwenyewe huko Tuxedo Park karibu na jiji la New York, wakachapisha maelezo ya jinsi mawimbi hayo yanavyopasha joto, yanavyopasua chembe hai, na yanavyowaua samaki na vyura wadogo. Basi wataalamu walijua kwamba sauti yaweza kudhuru na kuunguza miaka mingi kabla ya kujua kuitumia kupiga picha ya mtoto tumboni. Na watu wa leo ambao wakisikia altrasaundi hukumbuka picha ya mimba peke yake, wamelishika lililokuja nyuma na kulisahau lililotangulia.

Tuangalie sasa joto lenyewe linavyozaliwa. Sikio la binadamu halisikii sauti ipitayo mitetemo 20,000 kwa sekunde, na mashine za tiba ya viungo aghalabu hutumia mitetemo milioni moja au milioni tatu kwa sekunde, yaani megahezi 1 au megahezi 3. Wimbi hilo husafiri ndani ya tishu laini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kadiri linavyokwenda linapungua, kwa kuwa sehemu yake hutawanyika na sehemu iliyo kubwa hufyonzwa na tishu na kugeuka joto. Kipimo kinachotumiwa sana ni nusu desibeli kwa kila sentimita na kwa kila megahezi, na maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba mwale wa megahezi 1 hubaki na nusu ya nguvu yake baada ya kupita sentimita 6 hivi, ilhali ule wa megahezi 3 hufikia nusu baada ya sentimita 2 tu. Kwa sababu hiyo masafa ya juu, yaani mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, hupasha moto sehemu za karibu na ngozi kwa haraka, na masafa ya chini hufika ndani kwa upole. Mwaka 1995 David Draper na wenzake wa Marekani waliingiza vipimajoto vyembamba ndani ya misuli ya miguu ya watu waliojitolea, wakaona kwamba kwa ukali wa wati 1 kwa sentimita ya mraba, megahezi 1 hupandisha joto la msuli kwa takriban nyuzi 0.2 kwa kila dakika, na megahezi 3 kwa takriban nyuzi 0.6. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyelazwa kitandani dakika kumi.

Ni lazima pia tutenganishe tiba mbili ambazo jina lao ni moja. Ya kwanza ni hii ya chumba cha viungo, ambayo haitaki kuua chochote, bali yataka msuli na kano zilegee, damu ienee, na maumivu yapungue. Ya pili hukusanya mawimbi kwa chanzo cha sauti chenye umbo la bakuli mpaka yakutane mahali pamoja ndani ya mwili, pakapata moto kiasi cha kuua uvimbe, na ngozi iliyo juu yake isidhurike. Wazo la kuukusanya mwale hivyo lilijaribiwa Marekani mwaka 1942 na John Lynn na wenzake, kisha ndugu William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois wakaliendeleza katika miaka ya 1950 hata wakafikia ubongo wa wagonjwa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliruhusu mashine ya namna hiyo, inayoongozwa na picha za MRI, itibu uvimbe wa faibroidi katika mfuko wa uzazi. Na mwaka 2016 ikaruhusu nyingine, yenye vyanzo vya sauti 1,024 vilivyopangwa ndani ya kofia, itibu maradhi ya mtetemeko wa mikono kwa kupitisha mawimbi katika fuvu bila kulitoboa.

Katika tiba zote mbili, joto na muda haviachani. Mwaka 1984 Stephen Sapareto na William Dewey walitoa kanuni ambayo mpaka leo ndiyo lugha ya wataalamu wa fani hii: madhara yote ya joto yahesabiwe kana kwamba yametendeka kwa nyuzi 43 za selisiasi, na kila nyuzi moja ipandayo juu ya 43 ipunguze muda unaohitajika kwa nusu. Kwa kanuni hiyo, ikiwa dakika 240 katika nyuzi 43 zatosha kuua tishu nyingi, basi katika nyuzi 56 zatosha sekunde mbili zisizotimia. Naomba msikilizaji alizingatie jambo hili, maana ndani yake mna uzito wote wa ninayoyasema: mashine ikikosea kwa nyuzi moja tu, dozi imekuwa maradufu au imekuwa nusu, ikikosea kwa nyuzi tatu, imekuwa mara nane au thumuni. Hakuna tabibu atakayekubali dawa ya vidonge ambayo kidonge kimoja chaweza kuwa na dawa mara nane ya chenzake. Hata hivyo twakubali mashine ya joto ambayo haijapimwa tangu iliponunuliwa.

Wako watakaosema kwamba mashine hupimwa. Hupimwaje? Katika vyumba vingi upimaji ni huu: mtaalamu hudondosha matone ya maji juu ya kichwa cha mashine kilichoelekezwa juu, huiwasha kwa nukta chache, na akiyaona maji yakitetemeka na kurusha chembechembe, huridhika. Jaribio hilo lathibitisha kwamba kichwa ki hai, wala halithibitishi zaidi ya hapo. Maji hutetemeka kwa nguvu ndogo na hutetemeka kwa nguvu nyingi, na jicho la mtu haliwezi kutambua baina ya wati tano na wati kumi.

Kipimo kilicho bora kuliko hicho ni mizani. Sauti inapogonga kitu hukisukuma, na msukumo huo, ingawa ni mdogo, una hesabu iliyo yakini: ndani ya maji, kila wati moja inayofyonzwa na shabaha yote husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa miligramu 68 hivi. Kwa hiyo huwekwa chombo cha maji yaliyoondolewa hewa, shabaha ya mpira maalumu ikaning'inizwa kwenye mizani nyeti, kichwa cha mashine kikaelekezwa kwake, na mashine iliyoandikwa wati 10 ikitenda kama ilivyoandikwa, mizani haina budi kuonyesha karibu miligramu 680. Sheria ya Marekani, ambayo mashine za huko hufuata tangu 1979, yataka nguvu halisi isipishane na nguvu iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 20, na kanuni za kimataifa nazo zimeweka mpaka kama huo, na kuongeza kwamba ukali wa wastani usizidi wati 3 kwa sentimita ya mraba. Ni mpaka mpana, na bado watu huushinda. Mwaka 1992 S. D. Pye na C. Milford walizipima mashine 85 zilizokuwa zikitumiwa kila siku kwa wagonjwa katika mkoa wa Lothian huko Scotland, nchi yenye mafundi, yenye maabara, na yenye desturi ya miaka mingi ya kukagua vifaa. Wakakuta ya kwamba asilimia 69 ya mashine hizo zilikosea kwa zaidi ya asilimia 30. Mashine iliyozidi iliweza kumuunguza mgonjwa, na mashine iliyopungua ilimfanya mgonjwa aje na kurudi kwa wiki nyingi akipakwa jeli baridi na kusuguliwa bure. Na mimi nasema kwamba huyu wa pili naye amedhulumiwa, ingawa hatalalamika, kwa kuwa hajui.

Lakini mizani, pamoja na ubora wake, yaeleza jumla ya nguvu tu. Haisemi nguvu hiyo imegawanyika vipi juu ya uso wa kichwa. Hakuna kichwa kinachotoa sauti sawasawa kila mahali. Pana sehemu zenye ukali mara tatu au nne ya wastani, na kanuni za kimataifa hukikataa kichwa ambacho sehemu yake kali imezidi mara 8. Hiyo ndiyo sababu walimu wa tiba ya viungo huwaonya wanafunzi wasikiache kichwa kitulie mahali pamoja. Kuna haidrofoni, sindano au utando mwembamba wa plastiki yenye tabia ya zile fuwele za Curie, ambayo hutembezwa ndani ya maji nukta kwa nukta na kuchora ramani ya mwale; ni chombo kizuri mno, ghali, na dhaifu, kisichovumilia ule mwale mkali wa kuua uvimbe. Tena mizani na haidrofoni vyote viwili hufanya kazi ndani ya maji, na maji ni shahidi asiyejua joto: hufyonza sauti kidogo kuliko tishu kwa makumi ya mara hata zaidi ya mara mia katika masafa haya. Mwale uliomuunguza mgonjwa wapita ndani ya maji bila kuyapasha moto ila kwa kadiri isiyoonekana. Maadamu tunalouliza ni juu ya joto, imebidi tuunde kitu kinachopata joto.

Hapo ndipo zinapoingia tishu za bandia. Kuiiga tishu si kuiiga rangi yake wala umbo lake. Mwale hautambui rangi. Hutambua kasi ya sauti, hutambua ufyonzaji, hutambua ukinzani ambao ni mazao ya kasi na msongamano, na joto likishazaliwa hufuata sheria nyingine, za uwezo wa kitu kubeba joto na kulipitisha. Donge linaloyatimiza hayo, hata kama ni jeusi na la mraba, kwa mwale ni nyama; na donge lililochongwa likafanana na ini kabisa kwa macho, kama sifa hizo hazimo, kwa mwale si kitu.

Ziko njia nyingi za kuliunda, nami nitaeleza kwa urefu ile iliyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa nataka wanafunzi waliomo humu watoke wakijua kwamba wanaiweza. Huchukuliwa maji safi yaliyochemshwa ili hewa itoke, ukatiwa unga wa aga kwa kadiri ya gramu mbili hadi nne katika kila gramu mia, ukakorogwa na kupashwa moto mpaka zaidi ya nyuzi 90, ambapo uji mzito uliokuwa na rangi ya maziwa hugeuka kuwa angavu. Maji na aga peke yake hupitisha sauti polepole kidogo kuliko mwili, kwa hiyo huongezwa gliserini au pombe ya propanoli ili kasi ipande ifikie mita 1,540. Na kwa kuwa mchanganyiko huo haufyonzi sauti ya kutosha, hutiwa unga laini wa grafiti, au alumina, au maziwa mazito, kila kimoja kwa kipimo chake. Kazi iliyo ngumu huanza wakati wa kupoa. Ukiuacha mchanganyiko utulie, unga utazama chini na donge litakuwa na mwili mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili. Ukiukoroga kwa nguvu, utaingiza hewa, na kipovu kidogo cha hewa huirudisha sauti karibu yote, hata ramani ya joto ikaharibika kwa kipovu kisichoonekana kwa macho. Basi hukorogwa kwa upole usiokatika, aghalabu ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, na unapokaribia nyuzi 40, ambapo huanza kuganda, uwe umekwisha mwagwa ndani ya kalibu, na kalibu igeuzwegeuzwe mpaka ushike. Donge likitoka hufungwa ili lisikauke, maana likipoteza maji limebadilika tabia, na hutiwa dawa ya kuzuia kuvu.

Jelatini nayo hutumiwa, hasa kwa picha, lakini jelatini ya kawaida huyeyuka karibu na joto la mwili wenyewe. Anayetaka kupima joto la tiba kwa jelatini isiyogandishwa kwa dawa atajikuta anapima supu. Aga ina fadhila hii ya ajabu, kwamba ingawa huganda karibu na nyuzi 40, ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ipite nyuzi 80. Nalitaja kwa furaha jambo hili, kwa kuwa aga hutokana na mwani wa baharini, na sisi watu wa pwani hii mwani hatuuoni kuwa kitu kigeni: wanawake wa Paje na Jambiani huko Unguja wanaulima mwani wa jamaa nyingine, utoao karajini, ambayo nayo watafiti wa Japani wameitumia kuundia miili ya bandia ya mashine za MRI. Zao linaloondoka kwetu kwa magunia, likiwa kavu na kwa bei hafifu, laweza kurudi likiwa kipimo cha tiba zetu, kama tutakuwa na watu wanaojua kuliunda.

Kwa mashine zile kali za kuua uvimbe, aga haitoshi, kwa sababu haionyeshi palipoungua. Watafiti wa Japani mwaka 2004 walichanganya jeli angavu ya poliakrilamidi na ute wa yai, na wenzao wa Seattle nchini Marekani mwaka uliofuata wakatumia protini ya damu ya ng'ombe. Na katika jeli hizo mtu aweza kuona kwa macho yake lile ambalo ndani ya mgonjwa halionekani. Donge ni angavu kama kioo. Mwale ukiwashwa, kwa nukta chache hapatokei neno. Kisha, palepale mawimbi yanapokutana, huzuka doa jeupe lenye upana wa milimita moja au mbili na urefu wa milimita kumi hivi, lenye ncha mbili, kwa kuwa protini imepita nyuzi 60 na ushei ikaganda. Ukiendelea, doa hunenepa, na kichwa chake huanza kusogea kuelekea kwenye mashine, ambako mwale unatoka. Kusogea huko ndiko kunakowafunza madaktari kwamba nguvu ikizidishwa, moto haubaki mahali ulipoagizwa. Anayeunda jeli hii na avae glavu, kwani akrilamidi kabla ya kuganda ni sumu ya mishipa ya fahamu.

Sasa, namna gani ya kulipima joto lenyewe? Waya mbili za madini tofauti zilizounganishwa nchani ni kipimajoto cha zamani na cha kutegemewa, lakini ndani ya mwale wa sauti zina hila yao, nayo ilielezwa na William Fry na R. B. Fry mwaka 1954. Waya hautetemeki sawa na jeli iliyouzunguka. Husuguana nayo, na msuguano huo huzaa joto ambalo si la jeli. Mtu akiutazama mchoro wa kipimajoto ataona kwamba mashine inapowashwa joto huruka ghafula, kisha hupanda kwa mwinuko wa taratibu, na mashine inapozimwa huanguka ghafula vilevile kabla ya kupoa kwa utulivu. Mruko ule ni uongo wa waya. Mwinuko wa taratibu ndio ukweli wa jeli. Asiyelijua hili ataandika katika ripoti yake kwamba mashine ni kali kuliko ilivyo, naye atakuwa amepima waya wake. Ndiyo maana hutumiwa waya nyembamba kupita kiasi, au nyuzi za kioo zisizo na madini; na katika mashine zinazoongozwa na MRI hutumiwa tabia ya haidrojeni iliyomo ndani ya maji, ambayo masafa ya mwito wake hubadilika kwa sehemu 0.01 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, hata picha ikaweza kusomwa kama ramani ya joto bila kutia sindano.

Mwili, lakini, si donge moja la aina moja. Chini ya ngozi pana mafuta, ambamo sauti huenda kwa kasi ya mita 1,450 hivi, na chini yake pana msuli ambamo huenda kwa kasi zaidi, na mwale unaovuka mpaka huo kwa mshazari hupinda. Fauka ya hayo, mafuta yakipata joto kasi ya sauti ndani yake hupungua, ilhali katika maji na misuli huongezeka, kwa hiyo donge la aga haliwezi kuwa shahidi wa mafuta hata likiundwa na fundi hodari. Yabidi mafuta halisi yachanganywe ndani ya jeli. Mfupa ni taabu kubwa zaidi: hurudisha thuluthi ya sauti au zaidi, na ile inayoingia huifyonza upesi katika milimita za mwanzo, na utando wa juu ya mfupa ndio wenye hisia kali ya maumivu. Atakayepima mashine kwa jeli peke yake, kisha akaitumia juu ya kifundo cha mguu ambapo mfupa uko karibu na ngozi, amepima mwili usio wa mgonjwa wake. Tishu bandia iliyo ya haki kwa kifundo cha mguu ni ile yenye mfupa ndani yake.

Nalo jambo lililo gumu kuliko yote ni damu. Mwaka 1948 Harry Pennes alipima joto la mikono ya watu hai, akaandika mlinganyo unaotumiwa hadi leo, ambamo damu ipitayo huchukua joto na kwenda nalo. Donge la aga halina damu; kwa hiyo hupata moto zaidi ya msuli ulio hai, na hubaki na moto wake kwa muda mrefu zaidi. Wako waliopitisha mirija myembamba ndani ya jeli na kusukuma maji ya nyuzi 37, wakaona joto la kando ya mirija likishuka kwa namna inayofanana na ile ya mshipa mkubwa, na mimi nawasifu. Ila mtandao wa kapilari, ambao ndio unaopoza msuli kwa kweli, mkono wa fundi haujauiga sawasawa. Baadhi ya watu huzifanya kasoro hizi kuwa hoja ya kuziacha tishu za bandia, wakisema kwamba maadamu si mwili, hazina faida. Hoja hiyo naikataa. Donge lisilo na damu hupata joto zaidi ya mgonjwa, kwa hiyo lakosea upande wa hadhari. Na lililo bora zaidi ni kwamba leo na kesho na mwaka ujao donge lililoundwa kwa mizani ileile ni lilelile, jambo ambalo nyama ya buchani, ambayo kila kipande kina mafuta yake na siku zake, haiwezi kutupa. Huko Boston, Nathan McDannold na Kullervo Hynynen walichapisha mwaka 2006 habari za miaka minne ya kuijaribu mashine moja ya hospitali kwa tishu bandia. Na thamani ya habari zao yatokana na jambo hili moja, kwamba kwa miaka yote minne waliuliza swali lilelile kwa shahidi yuleyule, na kwa hiyo mashine ilipobadilika waliweza kujua kwamba iliyobadilika ni mashine. Desturi ya kulipiga donge kwanza, kutazama kwamba moto umetokea palepale ulipoagizwa, ndipo mgonjwa aletwe, sasa ni sehemu ya kazi ya kila siku katika tiba ya mwale uliokusanywa.

Ninachowataka watafiti na wauzaji wa mashine ni insafu katika kueleza. Waseme donge lao limeiga nini na limeacha nini: lina mafuta au halina, lina mfupa au halina, lilikuwa na joto la chumba au nyuzi 37 kabla ya kuanza. Nimesoma matangazo ya mashine yanayosema zimejaribiwa katika tishu bandia, yasitaje hata sifa moja ya tishu hiyo, na maneno kama hayo hayamfaidii mnunuzi.

Na kwenu nyinyi wakuu wa hospitali na wa idara za tiba ya viungo, nina ombi. Muuza unga sokoni akiwa na mizani isiyohakikiwa, mkaguzi wa vipimo ana haki ya kuizuia, na sote twaona kuwa hiyo ni haki ya mnunuzi. Mashine iwekwayo juu ya mwili wa mtu isipewe uhuru ambao mizani ya unga haina. Kila mashine ya altrasaundi iliyo mikononi mwenu ipimwe nguvu yake kwa mizani ya maji angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya kutengenezwa au kichwa chake kuanguka. Iwekwe karatasi yenye tarehe na kipimo, ibandikwe juu ya mashine yenyewe mahali mgonjwa anapoweza kuisoma. Na liwepo donge la aga na kipimajoto chembamba katika kila chuo kinachofundisha kazi hii, ili mwanafunzi alione joto la mashine yake kabla ya kuigusisha ngozi ya mtu. Mizani hiyo si ya bei ya kutisha, na vya kuundia donge karibu vyote hupatikana katika duka la vifaa vya maabara. Mashine ambayo haijahakikiwa iondolewe chumbani mpaka ihakikiwe.